Jinsi ya kuisikiliza Tales from Topographic Oceans bila kukata tamaa

Machalii wa Chuga mnaopenda roki, najua hii albamu ya 1973 ya Yes, bendi ya Uingereza, inatugawa, mmoja anasema ndo kilele chao mwingine anasema ndefu tu haina kitu. Hata Rick Wakeman, mpiga kinanda wao, haikumkaa moyoni, 1974 akasepa, japo albamu yenyewe ilifika namba 1 kwenye chati za Uingereza.

Sasa fanya hivi, usiisikilizie kwenye hiace ya Njiro, kelele za konda zinaua zile sehemu za taratibu, subiri usiku vaa hedfoni. Nyimbo ni 4 tu, kila moja kama dakika 20, kwa hiyo moja kwa siku inatosha kabisa. Mi nashauri anza na ya mwisho, Ritual, sikia besi ya Chris Squire inavyotangulia kama inaongea, halafu ngoma zinapasuka kwa pamoja, halafu fujo yote inatulia anabaki Jon Anderson anaimba polepole, hapo ndo utaelewa kwa nini wengine tunaitetea. Kisha rudi ya kwanza. Ya 3, The Ancient, iache mwisho, ni ngumu kweli, ila kuelekea mwishoni kuna gitaa kavu la Steve Howe tamu balaa, usizime kabla hujalifikia.