Kuuza picha za kuchora kwa simu: hatua ninazofuata mimi hapa Bagamoyo

Kibanda changu kipo Mji Mkongwe, si mbali na Boma la Mjerumani. Mwisho wa wiki wageni wanapita, wanashika picha, wanauliza bei, wanasema "nzuri sana", halafu wanapanda gari kurudi Dar. Masika yakianza, hata hao hawaonekani. Siku hizi kazi zangu nyingi zinaondoka bila mnunuzi kukanyaga kibandani, na vifaa vyangu ni simu, daftari na kipande cha bomba la maji. Nachora kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa cha marekani. Wewe mchongaji au msuka vikapu utapunguza na kuongeza panapokuhusu.

Hatua ya 1: Piga picha inayosema kweli

Hapa nitakaa kidogo, maana mauzo mengi yanafia hapa.

Jua letu la Pwani tunalisifu, lakini kwa rangi ya mafuta ni adui. Ukiitoa kazi juani saa sita mchana, simu inaona mng'ao tu. Mimi napiga kati ya saa mbili na saa tatu na nusu asubuhi, barazani, kivulini, kazi ikiwa imeegemea ukuta mweupe. Kivuli kiwe cha ukuta au cha paa. Mwaka wa kwanza nilikuwa napigia chini ya turubai la buluu ninalojikinga nalo mvua, na kila kitu kikachukua ubuluu wake. Mteja wa Arusha alipopokea mzigo akanipigia: "Kaka, hii siyo niliyochagua." Ilikuwa ileile. Nikamrudishia hela, na nauli ya mzigo, kwenda na kurudi, ikanila mimi.

Kabla ya kupiga, futa kioo cha kamera. Simu ya mchoraji haikosi alama za vidole vyenye rangi, na hapa kwetu kuna na chumvi ya bahari. Shusha simu iwe usawa wa katikati ya kazi, rudi nyuma hatua mbili, kisha vuta karibu kwa simu yenyewe. Ukisogea wewe, kingo zinapinda na fremu inaonekana kama imevimba. Usiweke zile rangi za urembo za kwenye programu.

Piga nne: kazi nzima, kipande cha karibu ambapo mkono wa brashi unaonekana, ubavu ili fremu ionekane, na ya mwisho kazi ikiwa kando ya kiti cha plastiki. Ukimwandikia mtu sentimita 60 kwa 80 hapati picha kichwani. Kiti cha plastiki kila mtu anacho nyumbani.

Hatua ya 2: Ficha kubwa, toa ndogo

Ile picha safi yenye ukubwa wake wote ibaki kwako. Mtandaoni weka nakala iliyopunguzwa, inayotosha kuonekana kwenye simu lakini haitoshi kuchapwa kwenye fulana. Wenzangu wengine wanabandika jina kubwa katikati ya picha. Mimi sipendi, ni kama kuuza mkate wenye muhuri juu. Nasaini kwenye kazi yenyewe, chini kulia, basi.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi uliyoibuni ni yako tangu ulipoikamilisha, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Hata hivyo kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunasaidia siku ya ubishi, kwa sababu unakuwa na karatasi mkononi. Na mteja mwenye hoteli aelezwe mapema: amenunua picha ya kutundika ukutani, hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye menyu yake.

Hatua ya 3: Instagram iwe baraza, WhatsApp iwe duka

Instagram ndiko watu wanakopita. WhatsApp Business ndiko wanakonunua. Ukivichanganya utachoka bure.

Kule Instagram bandika juu kabisa machapisho matatu, ndiyo mwisho inaoruhusu: moja linaonyesha wewe ni nani na uko wapi, la pili kazi zilizopo na bei, la tatu video ya mzigo ukifungwa. Hili la tatu watu hulidharau, kumbe ndilo linalomtoa hofu mtu wa Mbeya asiyekujua. Video za kuchora nazo zina watazamaji wake: egemeza simu juu ya kopo la rangi, washa ile ya kurekodi kwa kasi, sahau kama ipo. Saa tatu za kazi zinakuwa nusu dakika.

WhatsApp Business ina katalogi. Kila kazi iwe na jina, vipimo, bei na neno "ipo" au "imeuzwa". Usitegemee stori peke yake, kwa kuwa inapotea baada ya saa 24.

Tia pia kibanda chako kwenye ramani ya Google. Mgeni aliyelala hoteli za ufukweni anatafuta huko kwanza.

Kuhusu maneno ya kuandika chini ya picha: Kiswahili kwanza, mistari miwili, halafu Kiingereza kifupi. Neno "Tingatinga" wageni wanalitafuta sana, lakini litumie kama kweli unachora kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam mwaka 1968. Si kila chui mwenye madoa ni Tingatinga, na mnunuzi anayejua atakuumbua hadharani.

Hatua ya 4: Andika bei

"Bei njoo inbox." Naomba tuache. Mtu akishaona hivyo anadhani utampima kwa jina lake au kwa gari lake, anapita. Nilipoanza kuandika bei waliouliza walipungua, ila waliobaki walikuja wakiwa na hela.

Kazi yangu ya 60 kwa 80 naihesabu hivi: marekani na fremu 18,000, rangi 15,000, siku tatu za kazi kwa 25,000 kila siku ni 75,000, bomba, karatasi na bando 7,000. Jumla 115,000. Naiuza 150,000. Bei hiyohiyo iwe kibandani na mtandaoni. Nauli ya mzigo iandike kando, isijifiche ndani ya bei, kwa sababu wa Bunju na wa Bukoba hawawezi kulipa sawa.

Hatua ya 5: Jibu kama muuza duka

Haya ni mazungumzo ya kawaida kwenye simu yangu:

"Habari kaka, ile ya majahazi bado ipo?"
"Salama dada, karibu. Ipo. Sentimita 60 kwa 80, 150,000. Uko wapi nikuhesabie nauli?"
"Dodoma. Huwezi kupunguza?"
"Bei haishuki dada, ila kwa Dodoma fremu naitoa, inasafiri ikiwa imeviringishwa, nauli inakuwa ndogo. Fundi wa huko anakufungia nyingine. Nikutumie video yake sasa hivi?"

Umeona, sikuishia kwenye "hapana". Na ile video naipiga palepale, mkono wangu ukiigusa kazi, ajue ipo kweli. Akitaka kuiona vizuri zaidi, mtumie picha kama faili, kwa maana WhatsApp inazikamua picha za kawaida hadi rangi zinakufa.

Kazi ya kuagizwa siianzi bila nusu ya malipo. Hata kwa shemeji.

Hatua ya 6: Pesa

Lipa namba ni bora kuliko namba yako binafsi. Jina la biashara linajitokeza kabla mteja hajathibitisha, na hamtasumbuana kuhusu "weka na ya kutolea". Ujumbe wa muamala usiuamini kwa macho, na skrinishoti ndiyo usiitazame kabisa. Ingia kwenye menyu, kwa M-Pesa ni *150*00#, angalia salio, ndipo useme "nimepokea". Akija anayedai ametuma zaidi kwa bahati mbaya na anataka umrudishie haraka, mwambie apigie huduma kwa wateja ya mtandao wake. Mkweli atapiga.

Hatua ya 7: Funga mzigo

Rangi ikauke kwanza. Msimu wa mvua mimi nasubiri hata wiki mbili, na mteja namwambia siku hizo kabla hajalipa. Ondoa fremu, tandika karatasi ya siagi juu ya rangi, kisha viringisha upande wa rangi ukiwa nje. Watu wengi huuweka ndani wakidhani wanaulinda. Ukiwa ndani rangi inabanwa, na siku ya kukunjua inapasuka. Tumbukiza kwenye bomba la plastiki la inchi nne kutoka duka la vifaa vya ujenzi, ziba pande zote mbili, andika jina na namba ya mpokeaji juu ya bomba lenyewe, si kwenye karatasi ya kubandika. Pale ofisi ya basi piga picha risiti na namba ya gari, mtumie mteja kabla hujaondoka.

Wachongaji wanaotuma nje: mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017. Vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja havibanwi na masharti hayo, lakini taratibu za hapa nyumbani ziko palepale. Waulize TFS, wakala wa misitu, kabla ya kufika posta.

Hatua ya 8: Daftari

Akaunti inaweza kuibwa usiku mmoja. Kila aliyewahi kuuliza bei, hata asiponunua, namwandika: jina, namba, mji, kazi aliyoulizia. Naye namwomba ahifadhi namba yangu. Hilo lina sababu: ujumbe wa kutangaza wa WhatsApp unakwenda kwa watu hadi 256 kwa orodha moja, ila anaupata yule tu aliyekuhifadhi kwenye simu yake.

Kazi mpya ikikauka, siikimbizi Instagram. Nafungua daftari kwanza. Yule wa Dodoma aliyechukua majahazi aliwahi kuulizia milango, basi mlango ukiisha yeye ndiye wa kwanza kutumiwa, asubuhi, na bei yake, na kiti cha plastiki pembeni. Namwachia siku mbili. Asipojibu, ndipo inapanda Instagram.