Kumnasa mondo kwa kamera ya mtego, na ile setingi ya saa inayoharibu kila kitu

Juzi nilikuwa Karatu namsaidia dogo mmoja kupanga picha zake za mondo za kamera ya mtego (ile inayofungwa porini ikajipiga yenyewe mnyama akipita), kazi ya miezi mitatu, tukakesha siku mbili nzima kwa kosa moja tu la setingi. Naandika ili lisikukute na wewe.

Kwanza mjue mnyama. Mondo ni paka wa porini, ana miguu mirefu, mkia mfupi, masikio makubwa, na nyuma ya kila sikio kuna doa jeupe kwenye weusi. Vijijini wengi wanadhani ni mtoto wa chui, basi anapigwa mawe bure. Chakula chake kikubwa ni panya.

1. Ruhusa. Anza na mtendaji wa kijiji, halafu mwenye shamba. Kama ni utafiti kuna TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia).

2. Mahali. Majani marefu karibu na maji, kingo za kinamasi, pembeni mwa mashamba. Pita asubuhi na mapema uangalie tope: nyayo za paka hazionyeshi kucha, za mbwa na mbweha zinaonyesha. Ukipata kinjia chembamba chenye nyayo usihangaike kutafuta kwingine.

3. Kufunga. Chini ya goti, sentimita 30 hadi 40. Iangalie kaskazini au kusini, jua lisiipige usoni. Fyeka majani yaliyo mbele yake, maana sensa inashtuka na joto linalotembea, jani lililochomwa na jua likitikiswa na upepo nalo linapigwa picha. Mi natumia kamera mbili, moja kila upande wa njia, kwa sababu madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia, ukiwa na moja unaweza kumhesabu mondo mmoja kama wawili. Zipishanishe kidogo zisimulikane. Betri weka za lithiamu, hizi za kawaida usiku wa baridi ya kule juu zinakufa mapema.

4. Saa. Hapa ndipo tulipokesha. Kamera inahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Dogo alifunga kamera saa 2 asubuhi akaandika 02:00, ilitakiwa 08:00. Picha zote za kamera ile zikarudi nyuma masaa sita, mondo aliyepita jioni saa 12 na nusu anaonekana amepita mchana saa 6 na nusu, unabaki unashangaa mnyama gani huyu anawinda jua la utosi. Mbaya zaidi kamera ya pili aliifunga saa 2 usiku akaandika 02:00 vile vile wakati ni 20:00, hiyo imepotea masaa 18, kwa hiyo huwezi kurekebisha zote kwa mkupuo. Na kuna kamera ukitoa betri tarehe inarudi ile ya kiwandani. Dawa yake: siku ya kufunga na siku ya kutoa, washa simu, iweke kioo kinaonyesha tarehe na saa, isogeze mbele ya kamera ipigwe picha. Kila ukibadilisha betri rudia. Ukiwa na picha hizo unajua kosa ni masaa mangapi hata baada ya mwaka. Kurekebisha natumia ExifTool, programu ya kompyuta ya kubadili tarehe na saa zilizo ndani ya picha, ni ya bure: exiftool "-AllDates+=6" halafu jina la folda (hiyo 6 ni ya kamera ya kwanza, ya pili weka 18), kamera moja moja, na nakala ya picha halisi weka pembeni kwanza.

5. Kabla ya kuposti, futa GPS kwenye picha, yaani taarifa ya mahali ilipopigwa. Usitaje hata jina la korongo, anayetaka ngozi naye anaingia mtandaoni.

6. Rudisha picha kijijini. Naamini hii kuliko kamera yenyewe. Mondo anauawa kwa sababu ya kuku, na wengine wanamwaga sumu ya panya, mondo akila panya mwenye sumu naye anaweza kufa. Ongea habari ya banda la kuku linalofungwa usiku, wavu mpaka juu, maana mondo anaruka zaidi ya mita mbili. Kuna mzee alishapoteza kuku wanne, hataki hata kusikia jina la mondo, tulimwonyesha picha iliyopigwa mita chache tu kutoka ghala lake la mahindi, mondo kaning'iniza panya mdomoni. Akaishika simu muda mrefu, akauliza, "Huyu anakuja kila siku?"