Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda Lukwika-Lumesule

Pori la Akiba Lukwika-Lumesule liko wilaya ya Nanyumbu, mkoani Mtwara. Mpaka wake wa kusini ni Mto Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji. Ni pori la miombo, yaani miti inayopukutisha majani kiangazi, na miombo ndiyo inayoamua lini uende, uvae nini na ubebe maji kiasi gani. Anayefungasha kama anakwenda Serengeti atarudi akilalamika kwamba hakuona kitu.

Anza na tarehe. Huku kusini mvua ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Wakati huo njia ni tope na majani yanampita mtu kimo. Tembo anaweza kuwa hatua chache kutoka garini na usimwone. Kuanzia Julai majani yanakauka, mengine yanaungua, vijito vinakatika, na wanyama wanasogea Ruvuma kunywa. Mimi ningechagua Agosti au Septemba. Oktoba nayo si mbaya kwa kuona wanyama, ila joto linachoma, na minada ya korosho ikishaanza, kupata chumba Masasi, mji wa kupitia kabla ya kuingia porini, ni kazi.

Kumbuka hili ni pori la akiba, si hifadhi ya taifa. Liko chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na uwindaji wa kitalii kwa kibali unaruhusiwa, msimu wake ukianza Julai. Usijitokeze tu getini. Wasiliana mapema na ofisi ya pori, uliza kama kuna wawindaji siku unazotaka, na omba askari wa wanyamapori wa kufuatana nawe. Ukipewa namba ya kumbukumbu ya malipo, lipia ukiwa bado mjini kwenye mtandao wa uhakika. Kitambulisho cha NIDA kisisahaulike, maana kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni.

Gari ndilo lenye maneno mengi. Liwe la juu na linalovuta matairi yote manne. Jaza tangi Masasi, na hapohapo mwambie fundi apime upepo wa tairi la akiba. Wengi hulibeba mwaka mzima bila kuligusa. Visiki vilivyoungua huchongoka, na vikichana tairi ubavuni hakuna kiraka kitakachokusaidia, kwa hiyo mawili ya akiba si anasa. Beba na kipande cha ubao cha kuwekea jeki, la sivyo itazama mchangani. Halafu kuna jambo ambalo madereva wa mjini hawalijui: mbegu za majani makavu huziba rejeta, na majani yenyewe hujikusanya chini ya gari kwenye bomba la moshi. Yakipata moto, gari linateketea na pori linawaka. Kila mkipumzika, inama uchungulie uvunguni, uyatoe kwa kijiti.

Mbung'o, wale nzi wanaoeneza ugonjwa wa malale, nao wanataka maandalizi yao. Hufuata kitu kinachotembea, gari likiwemo, na hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Suruali ya jinzi iache nyumbani. Shati jepesi lililobana halisaidii, wanauma juu ya nguo. Vaa la kaki, zito kidogo, la mikono mirefu, lenye nafasi. Dawa za kupaka za mbu haziwatishi sana. Ukipata homa baada ya safari, mweleze daktari kwamba ulikuwa kwenye mbung'o, asipime malaria peke yake. Mabakamabaka ya kijeshi usivae kabisa; sheria hairuhusu raia.

Maji ya kunywa, hesabu lita tano kwa mtu kwa siku, na dumu la ziada kwa ajili ya rejeta. Ruvuma ina mamba na viboko, kwa hiyo msichote wala kuoga bila askari kuwaonyesha mahali. Chandarua, tochi, buti na dawa zako za kila siku vinajulikana. Ongeza sweta, kwani usiku wa Julai porini una baridi.

Simu msizitegemee. Kabla ya kutoka Masasi, mwachie mtu namba ya gari, jina la geti mtakaloingilia na siku mtakayorudi, na mkubaliane ampigie nani msipoonekana.