Jinsi ya Kuwatembelea Wafinyanzi wa Ikombe na Kurudi na Chungu Kizima

Katika kazi yangu ya kuwaongoza wageni kutoka Mbeya hadi Ikombe, kijiji cha Wakisi kilicho kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, nimeona wengi wakinunua chungu cha kwanza walichoshikishwa, kisha wakafika nyumbani na vigae. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuiona kazi yenyewe na kuchagua chungu kwa macho yake.

Hatua ya 1: Chagua siku
Nenda wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Kyela hupata mvua nyingi, hasa Machi hadi Mei, na chungu kibichi hakikauki vizuri hewani mwenye unyevu, wala moto wa uwanjani hauwezi kuwashwa chini ya mvua. Jumamosi ni siku ya soko la Lyulilo, jirani na Matema, ambako vyungu hivi huuzwa. Kwa hiyo fika Ikombe siku moja au mbili kabla, wafinyanzi wakiwa bado nyumbani.

Hatua ya 2: Safari
Pita Uyole na Tukuyu, kisha Ipinda hadi Matema. Kutoka Matema, kodi mtumbwi asubuhi, kabla upepo haujachafua ziwa, au tembea kwa njia ya ufukweni chini ya Milima ya Livingstone.

Hatua ya 3: Ingia kwa adabu
Anza kwa viongozi wa kijiji. Ukifika uani kwa mfinyanzi, mwamkie, "Shikamoo, mama," ungoje akukaribishe, na usitoe simu ya kupigia picha kabla ya kumwomba ruhusa. Kwa Wakisi, ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na uvuvi ni wa wanaume.

Hatua ya 4: Tazama kazi bila haraka
Angalia jinsi udongo unavyokandwa mpaka kokoto na mapovu ya hewa yaishe. Angalia pia vidole: mkono mmoja ndani, mwingine nje, na ukuta unapanda ukiwa mwembamba kuliko unavyodhani udongo unaweza kustahimili. Vyungu huachwa vikauke kabisa, kwa kuwa maji yaliyobaki ndani ya ukuta hugeuka mvuke motoni na kukipasua chungu, kisha huchomwa uwanjani, bila tanuri, kwa kuni na nyasi. Moto wa namna hiyo kwa kawaida hufikia nyuzi joto kati ya 600 na 900 za Selsiasi, kiasi cha kuugeuza udongo usirudi tena kuwa tope, lakini si cha kuziba vitundu vyake vidogo. Ndiyo maana mtungi hutoa jasho, na jasho hilo linapokauka ndipo maji yanapopoa.

Hatua ya 5: Chagua
Hapa usione aibu kuchelewa. Kining'inize chungu kwa vidole viwili mdomoni, ukigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Chenye afya hulia kwa mlio mrefu. Chenye ufa hutoa sauti ya debe lililobonyea. Kisha kielekeze juani na uchungulie ndani, maana ufa wa kitako hauonekani kwa nje. Mabaka meusi ni alama ya moshi, si kasoro. Mimi huwa ninavipenda zaidi vyenye mabaka. Bei patana, lakini usimkandamize mama wa watu kwa shilingi mia tano.

Hatua ya 6: Funga mzigo
Jaza nyasi kavu ndani ya chungu, kizungushie nyingine, ukipange kwenye tenga kikiangalia chini. Mwaka mmoja niliamini maneno ya utingo kwamba juu ya gari ni salama. Kati ya vyungu vinne, kimoja tu kilifika Mbeya.

Hatua ya 7: Kizoeze moto
Nyumbani, kiloweke usiku kucha, kisha pika humo uji mwepesi kwa moto mdogo, ili wanga uingie vitunduni na kupunguza uvujaji. Umwage uji huo, ukiache chungu kipoe chenyewe juu ya mafiga. Usikitue kikiwa cha moto kwenye sakafu ya saruji yenye baridi.