Kuchagua Madirisha ya Nyumba kwa Jua na Upepo wa Mwanza

Wajenzi wengi wa Mwanza huanza kufikiria madirisha wakiwa wamekwisha kupandisha boma, kisha humwachia fundi aluminiamu aamue. Wakati huo uamuzi mkubwa zaidi huwa umeshapita, kwa kuwa aina ya dirisha hutegemea kwanza ukuta litakapokaa. Kabla fundi hajafika kwenye lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, chukua ramani na uweke alama upande wa magharibi.

Jiji hili lipo takribani nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita karibu na utosi, na upenu wa paa wa sentimita 60 hadi 90 hukinga vya kutosha kuta za kaskazini na kusini. Kuta za mashariki na magharibi hazipati kinga hiyo, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni huja likiwa chini na kupenya chini ya upenu mwaka mzima. Wenye viwanja ambavyo ziwa liko magharibi, kama vilivyo vingi kuanzia Capri Point hadi Luchelele, wana mtihani zaidi: upande unaochomwa na jua la jioni ndio wenye mandhari, na ndio unaopokea upepo wa ziwani, ambao huvuma mchana kwa kuwa nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upande huo usizibwe. Ujengewe kibaraza kipana, au uwekewe madirisha membamba na marefu, na ukuta wa pili wa chumba upewe dirisha la kutolea hewa, maana upepo usio na pa kutokea hauingii. Dirisha linalotazamana na jabali lililo karibu liwe dogo, kwa sababu jiwe lililoshinda juani huendelea kutoa joto hata baada ya jua kuzama.

Sasa aina yenyewe. Dirisha la slaidi limekuwa kama sare ya nyumba mpya, nami sioni kwamba linastahili kila chumba. Wasanifu wengi hufuata kanuni kwamba dirisha liwe angalau sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3.5 kwa 4 kina mita za mraba 14, hivyo dirisha la mita 1.2 kwa 1.2, lenye mita za mraba 1.44, linatosha kwa mwanga. Lakini slaidi ya vioo viwili hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu hupunguza tena upepo unaobaki. Dirisha la bawaba hufunguka karibu lote, ndiyo maana ningeliweka vyumba vya kulala na kuiacha slaidi sebuleni au kwenye kibaraza, ambako kioo kinachofungukia nje kingegonga watu. Luva, yaani dirisha la vipande vya vioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, hupitisha hewa vizuri chooni na jikoni, ila vioo vyake huchomoleka kwa urahisi na mvua ya upepo hupenya kati yake.

Wavu na grili vipangwe pamoja na dirisha. Dirisha la bawaba linalofungukia nje huhitaji grili ya ndani, na wavu wake uwe na fremu yake inayofunguka, la sivyo mkono hautafikia komeo. Wavu ni wa lazima kwa sababu ya malaria, na pia kwa sababu ya wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku. Katika kila chumba cha kulala, grili moja iweze kufunguliwa kutoka ndani, ili moto ukitokea watu wapate njia.

Kuhusu malighafi, maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo chuma hakiliwi na kutu upesi kama Dar es Salaam au Tanga, ingawa bado kinahitaji rangi ya kuzuia kutu. Mninga uliokaushwa vizuri hufaa pia, mradi upenu uukinge na mvua.

Kizingiti cha nje kiinamie nje, na reli ya slaidi iwe na matundu ya kutolea maji. Kabla ya kumalizia malipo ya fundi, mimina ndoo ya maji kwenye kioo kilichofungwa, kisha ingia ndani utazame ukuta wa chini ya dirisha.