Ukitaka kujua mtu anaionaje Katiba, usimuulize Katiba

Mimi huanzia kijiweni, saa kumi jioni, kahawa ikiwa bado ya moto. Usitoe daftari. Ukilitoa tu, watu wanadhani umetumwa, na kila jibu linakuwa "tunaunga mkono".

Usiulize "unataka Katiba mpya?" Uliza: mkuu wa wilaya apigiwe kura, au aendelee kuteuliwa na Rais? Hapo utaona muuza mihogo anaweka kisu chini. Mmoja alinijibu, "Apigiwe kura, lakini asiwe wa hapahapa, atabeba ndugu zake." Jibu kama hilo ukifika nyumbani liandike lilivyo, usilinyooshe.

Muungano uulizie polepole. Rasimu ya Katiba mpya ya Tanzania, iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba, ilipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Bunge Maalumu likarudisha mbili mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Vijana wengi hawakumbuki (wakumbuke vipi, walikuwa shule ya msingi). Waeleze kwa sentensi mbili, usiegemee upande, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi bado kunanishinda.

Kina mama huwapati kijiweni. Wafuate sokoni asubuhi, wateja hawajajaa. Akikwambia "hayo ya wanasiasa, kaka yangu," usiandike kwamba hana maoni. Muulize shamba la marehemu baba yake lilirithiwa na nani, kisha vuta ndoo ukae.