Kuwasha na kuzima mtambo wa gesi ya magunzi bila kudhuru mtu

Mwongozo huu unahusu mtambo mdogo wa kilowati 10 hadi 20 ambao tanuri lake hugeuza kuni kuwa gesi ya kuendeshea injini, na gesi hiyo hushuka kupitia makaa. Unalishwa magunzi ya Mbozi au mabanzi ya Mafinga. Pumba za mpunga za Ubaruku au Kyela zinataka tanuri lisilo na koo, yaani lisilobanwa kwa chini. Ukizimimina kwenye lenye koo, zitaziba.

Kwanza elewa upepo wa mtambo. Injini inapovuta, kila tundu huingiza hewa. Hewa hiyo ikiingia penye moto mkali huungua palepale na kuharibu chuma. Ikiingia baada ya chujio, penye ubaridi, huchanganyika na gesi kimyakimya mpaka injini ikohoe na moto urudi nyuma, na hapo chujio linapasuka. Injini ikizimwa, makaa yanaendelea kutoa gesi, na tundu lilelile sasa linatoa sumu. Karibu sehemu moja ya tano ya gesi hii ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, kwa hiyo usitegemee pua.

1. Banda. Jenga paa juu ya nguzo, kuta zisipite kiuno. Juni na Julai baridi ya Makete na Mafinga huwashawishi watu kuzungushia turubai. Usikubali. Mlinzi naye asilale karibu na tanuri kuota joto, maana mtambo uliozimwa ndio unaovuja nje. Kibanda chake kiwe mbali, kisichangie ukuta na mtambo. Bomba la moshi wa injini lipite juu ya paa. Moshi huo nao una kaboni monoksaidi. Tundika kipima gesi kimoja kwenye kimo cha pua, kingine mwendeshaji akivae kifuani. Kikisoma ppm 35 (sehemu 35 katika milioni ya hewa), tafuta panapovuja. Ppm 200, wote watoke. King'ora cha moshi cha dukani hakisomi gesi hii.

2. Kuni. Vipande vya sentimita 2 hadi 5, unyevu usizidi asilimia 15. Pima kilo 1, kausha hadi uzito usishuke tena. Ikibaki gramu 850 au zaidi, tumia. Yaliyonyeshewa hushusha joto la tanuri, lami inazidi, valvu zinanata wazi.

3. Kupima uvujaji, mtambo ukiwa baridi. Ziba matundu yote, jaza hewa kwa feni hadi maji kwenye mpira mwangavu uliokunjwa kama herufi U yatofautiane sentimita 20, kisha funga valvu ya feni. Yakishuka ndani ya dakika 10, paka povu la sabuni kwenye kila gasketi na mlango wa majivu. Kiberiti si kifaa cha kutafutia tundu, hata mtambo ukiwa umelala wiki nzima.

4. Kuwasha. Hapa na kwenye kuzima ndipo penye ajali nyingi. Hakikisha kizibo cha maji kimejaa. Ndicho kinachozuia moto kurudi nyuma. Funga valvu ya injini, endesha feni dakika 5 kabla ya kuleta moto wowote, ili gesi ya jana itoke. Washa makaa kupitia tundu la hewa. Moshi mzito mweupe utatoka kwenye kichomea, yaani bomba la kuchomea gesi isiyokwenda kwenye injini. Weka mdomoni mwake kijinga chenye mpini wa mita 2, ukisimama ubavuni, na ukiache hapo hadi gesi ishike. Ikishika, ondoa kijinga. Mwali ukisimama wenyewe dakika 5 bila moshi, piga stata. Mwali wa njano wenye masizi ni lami, subiri.

5. Kuongeza kuni. Watu wawili, nguo za pamba, si nailoni. Zima injini, rudisha gesi kwenye kichomea kwa feni ili mvuto ubaki, halafu fungua mfuniko taratibu ukiwa umegeuza uso. Usichungulie. Kuni zikining'inia, gonga tanuri kwa nyundo ya mbao; pengo lililo chini yake ndilo linalopitisha hewa isiyoungua.

6. Kuzima. Hamishia gesi kwenye kichomea hadi mwali ufe, funga tundu la hewa, kisha mfuniko. Makaa hubaki na moto hadi kesho yake, hivyo usifungue chochote asubuhi kabla ya zile dakika 5 za feni. Makaa na majivu unayotoa yaingie kwenye pipa la chuma lenye maji, nje, mbali na rundo la mabanzi. Maji ya chujio yana sumu ya lami: yahifadhi kwenye pipa lenye mfuniko, yasifike kwenye mfereji unaoshuka kwenda Ruaha.

Mtu akizidiwa. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu hudhaniwa malaria. Zima injini, mtoe nje, na asiingie mwokoaji peke yake; kipima gesi kikiwa bado kinalia, fungua pande zote kwanza. Zahanati mwambie mganga wazi kwamba amevuta kaboni monoksaidi, kwa sababu kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kuonyesha asilimia 98 huku damu imebeba sumu. Anachohitaji ni oksijeni, na mapema.